Maswali Kumi na Tisa Kuhusu Pijo la Lyamba

Jumatatu, 17 Novemba 1997

Leo nimenunua kaunta buku. Mwanangu Generosa kaniuliza kama na mimi nimerudi shule. Nimemwambia ndiyo, na mwalimu wangu ni Mfaransa ambaye sijapata kumwona.

Mambo yenyewe ni hivi. Asubuhi mvua ilipopungua, Padre Gelasius alisimama mbele ya kibanda changu hapa Kashaulili na bahasha aliyoificha ndani ya kanzu isilowe. Juu yake mtu ameandika kwa mwandiko wa kunakili: "Kwa Fundi wa Viti vya Magari, Mpanda."

"Mama Generosa, fundi viti Mpanda nzima ni wewe," akasema.

"Na baba."

"Baba yako siku hizi mikono inamkatalia. Pokea barua yako."

Ndani mna kurasa nne za Kifaransa zilizopigwa taipu, pamoja na mchoro wa gari lililoondolewa paa. Kwenye mchoro kuna namba, moja hadi kumi na tisa. Padre anajua Kilatini na Kifipa, Kifaransa hajui. Tumeambulia maneno matatu tu: Peugeot, Mpanda, Kawajense.

Yametosha. Kawajense kuna Pijo moja tu, jeupe, ambalo kuku hutagia nyuma ya nyumba ya Mzee Lyamba. Na nyumbani kwetu gari hilo halitajwi.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Nimeshona turubai la lori. Barua nimeificha ndani ya sponji.

Alhamisi, 20 Novemba

Kwa kuwa daftari halina mdomo, nitaliambia.

Mwaka 1976 nilikuwa darasa la tano. Baba yangu, Bartolomeo, ndiye aliyekuwa fundi viti wa mji huu, na parokiani alikuwa mwalimu wa kwaya. Karakana yake ilikuwa jirani na stesheni. Lyamba, tajiri wa asali na malori, akanunua Pijo kwa barua, bila kuliona. Lilikuwa gari la kiwanda chenyewe, lililokimbia yale mashindano makubwa ya magari ya Pasaka. Likaja kwa treni juu ya behewa la wazi, limefunikwa turubai. Siku lilipofika, Lyamba alikuwa amelazwa Tabora, basi mkuu wa stesheni akamwomba baba alitunze karakanani. Lilikaa wiki tatu.

Lyamba alirudi na watu wake, wamevaa kama wanakwenda harusini. Akafungua mlango. Ndani bati tupu! Viti viwili tu vya mbele, tena havifanani. Hakuna kapeti, hakuna kiti cha nyuma, milango haina bodi, waya zinaonekana. Mji mzima ulikuwa umeshaambizana kwamba gari hilo lina kapeti la kuzamisha mguu na saa ya dhahabu. Gari likiwa la fahari nje, ndani si lazima pawe pa fahari zaidi? Nani angeweza kuwaza vingine?

Baba akasema amelikuta hivyo hivyo. Wakamwita baraza la usuluhishi. Mwenyekiti akasema jambo ni jepesi: Bartolomeo ashike Biblia, aape kwamba hakuchukua kitu chochote ndani ya gari lile, yaishe. Baba akasimama, akaitazama Biblia, kisha akaketi bila kuishika.

Basi yakaisha vibaya. Cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi ikabebwa kwenda kwa Lyamba iwe fidia. Kwaya akapewa mtu mwingine. Shuleni wakaniita Binti Kapeti mpaka nikamaliza la saba. Miaka ishirini na moja sasa, baba na Lyamba wakikutana njiani mmoja lazima ainame afunge kiatu, hata akiwa amevaa kandambili.

Niseme kweli hapa, maana pengine pote nimesema uongo: mimi mwenyewe sikujua nimwamini nani. Mtu asiye na hatia kwa nini asiape?

Jumamosi, 6 Desemba, Mishamo

Nimefika jana jioni kwa lori la mahindi, hapa makazi ya wakimbizi wa Burundi, kumtafuta anayejua Kifaransa. Tumekwama mara tatu. Mara ya tatu hata mimi nilishuka kusukuma, gauni la kitenge likarudi na rangi nyingine. Ofisi ya makazi wameniandikisha, wakaniuliza shughuli yangu. Nikasema Kifaransa. Wakatazamana.

Mwalimu Séverine ndiye niliyeelekezwa kwake na dereva. Mama wa miaka hamsini hivi, amekuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, anafundisha shule ya msingi na analima maharage. Aliishika barua kwa vidole viwili, kama nguo ya mtoto mchanga.

"Kifaransa changu kimekaa kwenye sanduku miaka ishirini na tano, mama," akasema. "Ngoja nikikung'ute."

Tukakaa kwenye baraza ya darasa, mvua ikipiga bati hata ikabidi asome kwa kupaza sauti. Mwandishi anaitwa Marcel Aubry. Ni mzee, mstaafu, anaandika kitabu juu ya mambo ya ndani tu ya magari ya mashindano yaliyotengenezwa na viwanda: viti, mikanda, mifuko, taa, hata rangi ya sakafu. Anasema injini kila mtu ameziandika, ila ndani, mahali ambapo watu wawili walikaa siku tano wakila vumbi, hapana aliyejali. Mhandisi mmoja aliyepita Mpanda kamwambia ameliona gari hili Kawajense.

Séverine akasoma, nami nikaandika: "Nina maswali kumi na tisa. Kila moja ujibu kipo, au hakipo, au hakikuwepo kamwe. Sitakuambia ninachokitafuta, usije ukakiona kwa sababu nimekutajia. Tena nisamehe: vingine nimevitia makusudi ingawa havikuwemo. Nimechoka na watu wanaonijibu ndiyo kwa kila kitu."

"Huyu mzee ana akili," Séverine akasema.

"Ana ujanja," nikamjibu. Lakini moyoni nilishampenda.

Swali la kwanza, kapeti. La pili, kiti cha nyuma. La tatu, bodi za milango. La sita, saa. Yote yale yale waliyomdai baba! Halafu akafika la kumi na tisa:

"Upande wa msoma ramani, kando ya dereva, chini ya kioo, kuna taa ndogo nyeusi yenye shingo ndefu inayojikunja, imefungwa kwa skrubu mbili?"

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia nimechoka, tupumzike kidogo.

"Mama Generosa, umeona nini?"

"Sijaona kitu, mwalimu. Ni safari tu."

Jumamosi, 13 Desemba

Taa hiyo iko nyumbani kwetu.

Iko kwenye pembe ya meza ya baba, nyeusi, shingo ndefu inayojikunja, waya wake unakwenda kwenye betri ya gari chini ya kitanda. Tunaiita taa ya baba. Nimeisomea tangu darasa la tano, na sasa Generosa anaisomea. Leo baba alipokwenda kwa jirani niliipindua kitako. Matundu mawili ya skrubu.

Basi ni kweli. Mtu akichukua taa kwa nini aache kapeti? Nimempikia uji nikamwekea mezani bila kumwambia karibu. Nimemkasirikia vibaya sana, na amekula akasema ahsante mama.

Jumapili, 14 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimekwenda Kawajense. Nimejiuliza njia nzima nakwenda kufanya nini. Jibu ni kwamba siwezi kukaa na maswali kumi na tisa nikijua jibu la moja tu.

Aliyenipokea ni Nyanzala, mkamwana wa Lyamba, Msukuma mchangamfu aliyeolewa hapo mwaka juzi na hajui vizuri ugomvi wetu. Mzee mwenyewe alikuwa barazani. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga wa mchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Pudensiana. Binti Bartolomeo."

Akaelekeza sikio upande wangu.

"Umekuja kumalizia vilivyobaki?"

"Nimekuja kutazama, mzee. Nikitoka na kitu, kuku wako watapiga kelele."

Nyanzala akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Nikamweleza mzee habari ya barua. Nilidhani atanifukuza. Lakini akanyoosha mgongo.

"Ulaya wanalijua gari langu?"

"Wanalijua kwa namba ya chasisi, mzee."

"Kwa namba!" Akarudia mara mbili. Halafu akatoa ruhusa, kwa sharti moja: kila nikitoka, Nyanzala apekue kikapu changu. Nimekubali. Nilikuwa nimevumilia Binti Kapeti miaka mitatu, kikapu si kitu.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Mvua. Wali tumekula, kuku hakuna.

Jumapili, 4 Januari 1998

Treni haijafika siku ya tisa. Wanasema reli imekatika kabla ya Kaliua. Redioni wanasema mvua hizi zinaitwa Elinino. Sukari imepanda, chumvi imefuata.

Leo nimefanya swali la kwanza. Ndani ya Pijo kuna velveti nyekundu ambayo Lyamba aliwekewa Tabora baada ya ile kesi. Imeoza, inanuka kinyesi cha kuku. Nimepata ruhusa nikaibandua upande wa dereva. Chini yake gundi ya kahawia, ya kopo, ile ile tunayotumia sote. Nikaikwangua polepole kwa kisu butu. Chini ya gundi, rangi nyeupe, safi, laini.

Sasa mimi nimebandua kapeti za magari zaidi ya thelathini, za maliasili, za misheni, za wachimbaji. Gundi ya kiwandani haikubali kutoka. Ukibandua kapeti lake, rangi inabaki na ngozi ya manjano, lazima mwingine agundishe juu yake. Hapa gundi ni moja tu. Nimeitafuta ya pili mpaka magoti yakafa ganzi.

Pengine baba aliikwangua? Kwa wiki tatu, bila kuchubua rangi? Hapana fundi wa hivyo, hata baba.

Nyanzala kapekua kikapu. Kakuta kisu, uzi, na mhogo wa kuchemsha. Tumegawana mhogo.

Jumatatu, 5 Januari

Sijalala vizuri, nawaza gundi.

Jumamosi, 10 Januari

Swali la pili. Kiti cha nyuma hukaa juu ya kulabu, na kulabu hupita kwenye matundu. Matundu hayakutobolewa! Bati zima. Badala yake sakafu ya nyuma ina miviringo miwili iliyosuguliwa, na pete nne za chuma zilizochomelewa. Nilizunguka gari nikijiuliza ni mnyama gani alilala hapo. Nyanzala ndiye aliyekumbuka: katoa tairi bovu la mbele la trekta la mume wake, akalilaza hapo kwa mzaha, likaelekea kuufunika mviringo.

"Stepini, mayo, mama wee!" akapiga kelele. "Walibeba stepini mbili ndani!"

Mzee barazani akauliza mnapigia nini kelele. Nyanzala akamwambia. Mzee alisogeza kiti chake karibu na mlango wa uani.

Jumamosi, 17 Januari

Bodi za milango: matundu ya vibanio yapo ya kiwanda, lakini ndani yake yana rangi ile ile nyeupe. Kama kibanio kingewahi kuingia hapo, kingeichubua. Hakikuwepo kamwe. Saa: hakikuwepo kamwe. Nimeanza kuyapenda maneno hayo matatu.

Swali la kumi na moja limenifurahisha kuliko yote. Mlango wa msoma ramani una mfuko wa turubai wa kutilia karatasi, umebaki kwa sababu fundi wa Tabora aliufunika tu. Mshono wake ni maradufu, uzi wa bluu, na pembeni mshonaji amerudi hatua tatu akafunga fundo kwa ndani. Hivyo ndivyo baba alivyonifundisha: rudi hatua tatu, ufunge ndani, uzuri wa kazi haupo nje. Nimekaa nao mkononi muda mrefu. Kuna mtu mahali fulani duniani anayeshona kama sisi.

Nikitoka, Nyanzala kanyoosha mkono kwenye kikapu. Mzee akasema, "Mwache, mvua inakuja."

Jumamosi, 31 Januari

Nimejibu kumi na nane. Hakuna kitu kimoja katika vile walivyomdai baba ambacho kiliwahi kuwemo. Kimoja! Nimeyatuma majibu Mishamo kwa dereva, Séverine atayageuza Kifaransa.

La kumi na tisa nimeliacha wazi. Chini ya kioo kuna matundu mawili ya skrubu, nimeyapima kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti kile kile nimekipima kwenye kitako cha taa nyumbani. Ni sawasawa.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimeshindwa kunyamaza.

Baba alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, vidole vinatetemeka, anatoa yaliyooza moja moja. Nikaketi mbele yake nikamweleza yote kwa mkupuo: barua, gundi, stepini, mfuko. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipofika kwenye mfuko akauliza, "Amerudi hatua ngapi?"

"Tatu."

"Fundi huyo."

"Baba, ulijua hakikuwepo kitu. Kwa nini hukuapa?"

Akaendelea na maharage. Mvua ilikuwa imetulia, nasikia vyura tu. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye pembe ya meza.

"Kwa sababu ya hiyo."

"Najua hiyo ni ya gari."

"Unajua?" Hapo ndipo aliponitazama. "Tangu lini?"

"Desemba."

"Na ukaendelea kunipikia uji." Akatikisa kichwa. "Ulikuwa unasomea kibatari, mwanangu. Unakohoa mpaka unatapika. Gari likaja, nikaona kataa kale, kananing'inia skrubu moja. Nikasema tajiri mwenye taa kubwa nne mbele, haka hatakaona. Nikakafungua. Siku ile barazani mwenyekiti akaniambia niape sikuchukua kitu chochote. Alisema chochote. Ningeapaje?"

"Ungesema ulichukua taa!"

"Nani angeamini taa peke yake? Wewe mwenyewe, Desemba, uliamini?"

Sikuamini. Nimelia mbele yake kama mtoto wa darasa la tano. Nilikasirika pia, niliandike hilo: ametupa cherehani, kwaya na jina lake ili asiseme neno moja la uongo, akanyamaza na neno moja la kweli. Ndivyo alivyo, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemjua.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Hakuna treni, hakuna posta. Generosa ana mtihani.

Jumapili, 29 Machi

Mzee Lyamba kamtuma Nyanzala aulize kama Ulaya wamejibu.

Jumanne, 14 Aprili

Pasaka imepita, treni imefika, barua imefika! Séverine mwenyewe alikuwa na kibali cha siku tatu kuja hospitali, kanigeuzia yote kibandani kwangu kwa mwandiko wa kiwalimu. Sehemu yenyewe ninainakili:

"Bibi Fundi, umesema 'hakikuwepo kamwe' mahali saba, na mahali pote saba umepatia. Hakuna aliyewahi. Tuliyaondoa yote kiwandani kabla gari halijapakwa rangi: kapeti, bodi, kiti cha nyuma, saa, kila kilo isiyokimbia. Gari la mashindano huwa tupu ndani, ndiyo maana linakwenda. Walioketi humo waliketi juu ya bati. Viti havifanani kwa kuwa wa kulia anaendesha na wa kushoto inabidi apate kulala. Mfuko wenye uzi wa bluu niliushona mimi. Nilikuwa mshona viti wa kiwanda miaka kumi na tisa. Nimefurahi kwamba umetazama ndani ya mshono. Swali la mwisho hukujibu. Taa ile ilikuwepo, niliifunga kwa mikono yangu."

Nimemsomea baba. Aliomba sehemu ya "gari la mashindano huwa tupu ndani" mara tatu. Kisha akasema, "Jumamosi tutakwenda Kawajense. Nitafutie shati."

Jumamosi, 18 Aprili

Jua toka asubuhi. Njia imeanza kukauka.

Baba alivaa shati jeupe. Taa aliibeba mwenyewe, ameifunga kwenye kitambaa, hakutaka niishike. Mimi nilibeba betri kwenye baiskeli. Tulipofika, hakuinama kufunga kiatu.

"Hodi, Lyamba."

Mzee aliitambua sauti. Akamwambia Nyanzala alete kigoda.

"Sikai bado," baba akasema. "Msomewe kwanza."

Nyanzala ndiye aliyesoma, maana mzee anaiamini sauti ya nyumba yake. Alisoma mpaka "walioketi humo waliketi juu ya bati," akasimama mwenyewe, akasema, "Jamani." Mzee akaomba apelekwe kwenye gari. Nikaushika mkono wake, nikaupitisha sakafuni: hapa gundi ya Tabora, hapa nilipokwangua, hapa rangi tupu. Nikaupeleka nyuma kwenye miviringo. Vidole vyake vilizunguka mviringo wa kwanza wote, kisha wa pili, polepole, akarudi wa kwanza.

"Nilitegemea kapeti," akasema. "Niliwaambia watu kuna kapeti kabla sijaliona."

"Nilikuwepo ukiwaambia," baba akajibu.

"Sasa kwa nini hukuapa, Bartolomeo? Ungeapa ningekubali. Wallahi ningekubali."

Baba akafungua kitambaa, akamwekea taa mikononi. "Hii ndiyo niliyochukua."

Mzee akaipapasa, kitako, shingo, kofia. "Hii tu?"

"Hii tu."

"Mwaka mzima ningeipoteza nisijue."

"Mliniuliza kama sikuchukua kitu. Hakuna aliyeniuliza nilichukua nini."

Kuku mmoja alitoka chini ya usukani akaenda zake. Halafu mzee akauliza ilikaa wapi, na baba hakuweza kumweleza kwa maneno, ikabidi aingie, akae kiti cha msoma ramani. Mzee naye akapapasa mlango wa pili, akaingia kiti cha dereva. Nikatia skrubu mbili nilizokuja nazo kwenye matundu yake. Ziliingia bila kulazimishwa. Nikaunga waya kwenye betri, taa ikawaka, ingawa jua lilikuwa kali na mwanga wake hauonekani sana.

Mzee Lyamba alinyoosha kiganja mbele ya taa, akakaa nacho hapo.

"Inawaka," akasema. "Ina joto."

"Imewaka miaka ishirini na moja," baba akasema. "Huyu kaisomea. Sasa mtoto wake anaisomea."

Mzee akageuza uso upande wangu, akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikasema la sita. Akatafakari. Kisha akamwambia Nyanzala aende stoo, atoe magunia, ailete cherehani. Waliibeba watu wawili. Baba aliinama akazungusha gurudumu lake, likalia kama mlango mbovu.

"Mmeinyima mafuta," akasema.

Mzee hakuomba msamaha. Labda hajui unaanzia wapi. Alichofanya ni kunishika mkono nilipotaka kufunga mlango wa gari.

"Zitoe hizo skrubu. Peleka taa kwa mtoto. Safari hii nimeitoa mimi, mwenye gari, mbele ya watu. Bartolomeo, umesikia? Ukiletewa Biblia kesho, shika."

"Nimesikia," baba akasema. Akakaa kwenye kigoda.

Sasa hivi nimeketi kibandani, cherehani iko mlangoni inangoja mafuta, na karatasi ya Bwana Aubry iko mbele yangu. Nimejaza la mwisho, nalo nitalipeleka kwa Séverine:

Swali la kumi na tisa. Taa ya msoma ramani: haipo. Matundu yake mawili ni mazima. Imetolewa na mwenye gari kwa hiari yake, tarehe 18 Aprili 1998, na inafanya kazi.